Kukwea mlima peke yako: nani atakuona ukipepesuka?

Kila ifikapo Januari, na tena kuanzia Julai hadi mwanzoni mwa Oktoba mvua inapopungua, kliniki yangu hapa Kayole hutembelewa na wagonjwa ambao kwa kweli si wagonjwa. Ni watu wenye kazi na afya zao, wanaume kwa wanawake, waliotia nia ya kukwea Mlima Kenya. Baadhi yao huja kuulizia "sindano ya baridi". Wengine hutaka tembe za kuzuia kichwa kuuma. Nikiwauliza wanaandamana na nani, siku hizi wengi hunijibu, "Peke yangu, Daktari."

Sishangai. Anayeishi Kayole anajua kelele ni nini. Matatu huanza kupiga honi kabla ya kupambazuka, kanisa la jirani hukesha Ijumaa na vipaza sauti, na baa iliyo ghorofa ya chini haijui Jumatatu wala Jumanne. Mwalimu mmoja aliniambia kuwa kule hafuati picha wala sifa, anataka tu siku tatu asisikie mtu akimwita. Mtu kama huyo hana kasoro. Kutembea kwa miguu hushusha shinikizo la damu, huleta usingizi na hupunguza fikira nzito, na utulivu ni tiba ambayo haiuzwi dukani. Ninachopinga ni neno "peke yangu" likiambatanishwa na mita 4,000 za mwinuko, na leo ningependa kumweleza msomaji sababu zake za kitabibu, hatua kwa hatua.

Tuanze na hewa. Watu husema kwamba mlimani hakuna oksijeni. Si kweli. Hewa ya kilele cha Lenana ina oksijeni asilimia 21, sawa kabisa na hewa ya Mombasa. Kinachopungua ni shinikizo la hewa. Fikiria marobota ya mitumba yaliyopangwa juu kwa juu pale Gikomba. Robota la chini limegandamizwa na uzito wa yote yaliyo juu yake, na ukichopoa konzi moja unapata nguo nyingi. La juu kabisa limelegea, na konzi ileile hutoka na nguo chache. Ndivyo ilivyo pumzi. Katika mwinuko wa mita 4,200, kila pumzi huingiza kiasi cha thuluthi mbili pungufu kidogo ya oksijeni ambayo ungeipata pwani. Lenana, yenye mita 4,985, unapata zaidi kidogo ya nusu tu.

Mwili wenye afya hujua la kufanya. Huanza kupumua haraka na kwa kina, moyo huongeza kasi, na figo hutoa mkojo mwingi ili kurekebisha kemia ya damu iliyobadilishwa na kupumua huko. Usiku mtu huweza kuacha kupumua kwa sekunde chache kisha akavuta pumzi kwa nguvu, jambo linalomtisha anayelala kando yake ingawa aghalabu si la hatari. Baada ya wiki kadhaa chembe nyekundu za damu huongezeka. Lakini marekebisho haya huchukua siku na majuma, ilhali miguu huweza kumfikisha mtu juu katika muda wa saa chache. Hapo ndipo penye matatizo yote.

Hebu tuipime safari ambayo wengi hunieleza. Mtu anaondoka Kayole Ijumaa asubuhi, mahali palipo katika mwinuko wa mita 1,600 hivi. Adhuhuri yuko lango la Naro Moru, mita 2,400. Jioni analala Met Station, mita 3,050. Jumamosi anapita ule mteremko wenye matope ambao kila aliyeupitia huukumbuka, na kufikia magharibi yuko kambi ya Mackinder, mita 4,200. Anaamshwa saa tisa za usiku, na Jumapili jua linapochomoza yuko Lenana akipiga picha. Jumatatu yuko kazini. Kwa mfuko na kwa ruhusa ya mwajiri ni mpango mzuri. Kwa mapafu na ubongo ni mpango mbaya. Kanuni ambayo madaktari wa milimani huifuata ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala usiku pasizidi pale ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja bila kupanda. Kutoka Met Station hadi Mackinder ni mita 1,150 kwa siku moja, zaidi ya maradufu ya kanuni hiyo. Njia ya Sirimon ni pole zaidi kwa miguu, lakini kutoka Old Moses (mita 3,300) hadi kambi ya Shipton (mita 4,200) nayo ni mita 900. Anayeweza kuongeza siku mbili aziongeze: usiku mmoja zaidi katika kambi ya chini, na mmoja zaidi katika ile ya mita 4,200, huku mchana akipanda kidogo na kurudi kulala chini.

Wengi hudhani kwamba mazoezi yatawakinga. Kijana anayekimbia kila asubuhi kando ya Spine Road ana mapafu mema na moyo mwema, nami nampongeza, lakini hilo halimkingi na maradhi ya mwinuko. Pengine humwongezea hatari, maana hupanda kwa kasi kuliko mwili wake unavyoweza kujirekebisha. Hata kuishi Nairobi, jiji lililoinuka kuliko miji mingi mikubwa duniani, ni msaada mdogo mno.

Dalili tatu za kujua

Maradhi yenyewe huanza saa sita hadi 12 baada ya kufika juu. Kichwa huuma, chakula hakitamaniki, mtu huhisi kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu usiolingana na kazi aliyofanya. Ukimtazama utadhani alikunywa pombe jana. Hatua hii ya kwanza si ya kuua. Mtu asipande zaidi, apumzike, anywe maji na chai, ameze parasetamoli. Akipata nafuu baada ya siku moja, aendelee polepole. Asipopata, ashuke. Shida ni kuwa mtu aliyelipa nauli, ada ya kuingia na siku zake za likizo hasemi kwamba kichwa kinauma. Anasema ni jua, au ni harufu ya mafuta ya jiko. Kwangu mimi kanuni ni moja: ukiugua juu ya mita 2,500, lilaumu mlima kwanza mpaka ithibitike vinginevyo.

Hatua ya pili ni ubongo kuvimba. Mgonjwa huanza kupepesuka, husahau mambo madogo, hukasirika bila sababu au hukaa kimya akitazama ardhi. Kipimo chake hakihitaji mashine. Mwambie atembee katika mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kwa hatua kumi. Akiyumba kama mtu anayetoka baa usiku wa manane, ashushwe saa hiyohiyo, usiku au mchana. Asingoje kupambazuke. Katika hali hii mtu huweza kuzimia na kufa katika muda wa saa chache.

Hatua ya tatu, ambayo si lazima itanguliwe na zile mbili, ni maji kujaa mapafuni. Hii ndiyo muuaji mkubwa wa maradhi ya mwinuko. Aghalabu huja usiku wa pili au wa tatu. Mgonjwa huchoka kupita wenzake, hukohoa kikohozi kikavu, kisha hutweta hata akiwa ameketi. Midomo na kucha hubadilika rangi, kifua hutoa sauti ya mchemko, na mwishowe makohozi huwa na povu la waridi. Wenziwe husema amepigwa na baridi, ana nimonia, afunikwe blanketi na aachwe alale. Kumwacha alale ndiko kunakomwua.

Mwaka juzi nilimhudumia fundi wa stima wa mtaa huu, mwenye umri wa miaka 30 na ushei, mtu mwenye kifua kama mlango. Alipokuwa kambi ya mita 4,200 alikohoa tangu jioni, na wenzake wawili wakamtengenezea tangawizi. Mpagazi wao, mzee ambaye hajawahi kukanyaga darasa la udaktari, alikuja kumsikiliza, akahesabu pumzi zake akiwa amelala, kisha akawaambia vijana wafunge virago. Walimshusha usiku ule kwa tochi, mmoja akimshika mkono na mwingine akibeba mzigo wake. Kabla ya kufika Met Station aliweza tena kusema sentensi nzima bila kukatizwa na pumzi. Mimi nilimwona siku tatu baadaye, na picha ya eksirei ilikuwa ingali na mawingu. Sikumpa tiba yoyote ya maana. Tiba alishaipata gizani, kwa miguu yake na mabega ya wenziwe.

Sasa msomaji mwenyewe aitazame orodha hiyo na aniambie ni dalili gani ambayo mtu aliye peke yake angeitambua. Kupepesuka huonwa na mwingine. Ghadhabu huonwa na mwingine. Mtu aliyelala hajihesabii pumzi. Na ubongo unaotakiwa kuamua kwamba sasa ni wakati wa kushuka ndio huohuo uliokwisha kunyimwa oksijeni, na kama alivyo mlevi anayeng'ang'ania usukani, aghalabu ndiye wa mwisho kujua. Ndiyo maana sheria za Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya, inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), haziruhusu mtu kukwea pekee bila mwelekezi. Wengine huiona sheria hiyo kuwa njama ya kuwapatia wenyeji kazi. Mimi naiona kuwa agizo la daktari. Msitu ulio chini ya mlima, isitoshe, una ndovu na nyati, na mwelekezi hujua kinyesi kibichi akikiona.

Historia ya mlima huu yenyewe inafunza. Mwaka 1943 Felice Benuzzi, Mwitaliano aliyezuiliwa katika kambi ya wafungwa wa vita huko Nanyuki, alitoroka ili akwee mlima aliokuwa akiutazama kila siku kupitia seng'enge. Hakutoroka pekee. Walikuwa watatu, na mmoja wao, Giovanni Balletto, alikuwa daktari. Yule wa tatu aliugua, wakamwacha kwenye hema chini. Wawili walifika Lenana, kisha wote wakarudi kambini kujisalimisha. Kisa cha pili ni cha Septemba 1970. Madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gerd Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wametoka tu kileleni Batian, mita 5,199, Judmaier alipoanguka na mguu wake ukavunjika vibaya, mfupa nje. Oelz alimhudumia, akashuka kutafuta msaada, akarudi kukaa naye. Wakweaji wa humu nchini na waokoaji waliosafiri kwa ndege kutoka Innsbruck walihangaika kwa zaidi ya wiki moja. Rubani wa helikopta alikufa katika juhudi hizo. Judmaier alipona. Oelz naye akageuka mtaalamu wa maradhi ya mwinuko, na mwaka 1989 yeye na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba nifedipini, ambayo sisi huwapa wagonjwa wa shinikizo la damu, husaidia mapafu yaliyojaa maji mlimani.

Baridi

Halijoto hupungua takriban digrii sita kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ikiwa usiku wa Nairobi ni digrii 14, basi kambi ya Mackinder inakaribia kuganda, na alfajiri huganda kabisa. Lakini kinachoua si baridi kavu. Ni kulowa. Alasiri mvua hunyesha, matope huingia viatuni, na jasho la mchana hubaki shatini. Suruali ya jinzi na fulana ya pamba zikilowa hunyonya joto la mwili kama kitambaa cha kumpoza mgonjwa wa homa. Gikomba utapata sweta za sufu, jaketi za poliesta zenye manyoya na koti la mvua kwa bei nafuu, na hakuna haja ya kuona haya: mlima hausomi lebo. Beba pia seti moja ya nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, na usiivae ila wakati wa kulala.

Mtu anayepoa kupita kiasi hutetemeka, vidole hushindwa kufunga zipu, ulimi huwa mzito. Ukiona kutetemeka kumekoma ilhali hajapata joto, hiyo ni dalili mbaya kuliko ya kwanza. Wengine wakifika hapo huhisi joto na kuanza kuvua nguo. Mvue zilizolowa, mvishe kavu, mwingize ndani ya begi la kulalia pamoja na mtu mwingine, na akiwa yu macho mpe chai tamu. Usimsugue mikono na miguu wala usimpe pombe. Na hapa narudia nililolisema mara nyingi kuhusu nyumba zetu za mabati: msiwashe jiko, la makaa wala la gesi, ndani ya hema lililofungwa. Hewa ya sumu itokayo humo haina rangi wala harufu, nayo huua usingizini.

Nani asiende, na dawa zipi

Mwenye maradhi ya selimundu, ambayo wengi huyaita sikoseli, asiende kabisa. Upungufu wa oksijeni ndio hasa unaozipinda chembe zake za damu na kumletea maumivu makali. Hata aliyerithi nusu tu ya maradhi hayo, ambaye chini huku haugui lolote, huweza kuumia wengu akiwa juu. Kayole ina watu wengi wenye asili ya Nyanza, Magharibi na Pwani, ambako jambo hili ni la kawaida, na wengi hawajui hali yao. Kipimo cha damu ni rahisi. Kifanyeni kabla ya safari. Wajawazito, wenye upungufu wa damu, wenye maradhi ya moyo na wale ambao shinikizo lao la damu halijadhibitiwa nao wabaki chini. Mwenye pumu iliyotulia anaweza kwenda na pampu yake mfukoni. Mwenye kisukari azungumze na daktari wake kwanza, maana insulini ikiganda haifai tena. Na mwenye mafua au kikohozi wiki ya safari aiahirishe.

Sindano ya baridi haipo. Anayekuuzia anakuuzia maji. Dawa inayosaidia ni asetazolamaidi, inayojulikana kwa jina la Diamox. Kipimo cha kukinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Huharakisha yale marekebisho ya mwili, haifichi dalili. Huleta mwasho wa vidole, mkojo mwingi na kuharibu ladha ya soda. Aliyewahi kudhuriwa vibaya na dawa za jamii ya salfa, kama vile Septrin, asiiguse bila ushauri, na kwa vyovyote isinunuliwe kiholela. Deksamethasoni na nifedipini ni za dharura, mikononi mwa anayejua, na hata hizo hazichukui nafasi ya kushuka. Dawa za usingizi na pombe hupunguza kasi ya kupumua usiku, hivyo ziachwe Nairobi. Miraa vilevile: huficha uchovu, na uchovu ni dalili unayoihitaji.

Jua la kule nalo si la kudharauliwa. Miale yake huongezeka kwa asilimia kumi hivi kwa kila mita 1,000, na barafu iliyobaki huirudisha usoni. Ngozi nyeusi nayo huungua. Vaa miwani ya jua na kofia.

Kwa mwalimu wangu anayetafuta kimya nilipendekeza hivi. Akodi chumba Naro Moru au Chogoria, vijiji vilivyo miguuni pa mlima, akae siku tatu au nne. Asubuhi atembee mashambani peke yake, mwinuko wa mita 2,000 hivi haudhuru mtu mzima mwenye afya. Akitaka msitu, achukue mwelekezi na amwambie waziwazi kwamba hataki mazungumzo; atatembea hatua ishirini nyuma yake bila kukwazika. Akitaka kujipima kwanza, kuna Ngong (mita 2,460) na Longonot (mita 2,776), ambako ataenda na kurudi siku hiyohiyo. Alichagua Chogoria.

Yeyote aendaye juu zaidi aache karatasi nyumbani, kwa jirani au hata kwa mama mboga anayemwamini: njia atakayopita, jina na simu ya mwelekezi, siku ya kurudi na saa ambayo ikipita bila habari KWS wapigiwe. Simu ya mkononi hukosa mtandao sehemu nyingi za mlima. Ukisharudi, kichwa kilichouma kinapaswa kuwa kimetulia katika muda wa siku moja. Kikohozi kikiendelea, pumzi zikikata unapopanda ngazi za ploti, au ukipata homa, nenda kliniki iliyo karibu, na kabla daktari hajakuuliza lolote mwambie kwamba ulikuwa mlimani, ulilala mwinuko gani na usiku mangapi.